Mpagazi Hana Kitabu

Wako watu wazima katika vijiji vyetu, tena watu wema wenye kusoma Maandiko kila siku, ambao wakimwona kijana ameshika kitabu cha hadithi humwuliza kwanza, "Je, mambo hayo ni ya kweli?" Kijana akijibu kwamba ni hadithi ya kubuni, hunyang'anywa kitabu hicho, akapewa kitabu cha tarehe. Na kama hadithi yenyewe ni ya wakati wa vita, huongezewa maneno mawili: kwamba vita si jambo la watoto, na kwamba kama hana budi kusoma habari za vita, basi na asome za majemadari, apate moyo wa ushujaa. Maneno hayo matatu nayapinga yote. Wala sitayapinga kwa maneno matupu. Nitachukua vita vile vilivyopiganwa katika nchi zetu hizi, tangu Agosti 1914 hata Novemba 1918, maana hapo ndipo kosa lao lionekanapo wazi.

Tarehe za vita vile zajulikana. Waingereza walishuka Tanga mwezi wa Novemba 1914 wakashindwa. Mwaka 1916 Jenerali Smuts aliingia kwa upande wa Kilimanjaro, na Wabelgiji wakaja kutoka magharibi wakaishika Tabora. Lettow-Vorbeck, jemadari wa Wajerumani, alirudi nyuma kuelekea kusini, akavuka Ruvuma akaingia nchi iliyokuwa ya Wareno, akazunguka huko karibu mwaka mzima. Tarehe 25 Novemba 1918 aliweka silaha chini huko Abercorn, ndiyo Mbala ya Zambia ya leo, siku 14 baada ya bunduki kunyamaza Ulaya. Mtoto mwenye akili atajifunza hayo yote kwa siku mbili.

Haya, mwulize mtoto huyo swali moja tu: chakula cha majeshi hayo kilifikaje? Risasi, mahema, dawa, na vitanda vya maafisa, vilitoka pwani vikafika Mahenge kwa nini? Reli zilikuwa mbili, moja ya Tanga na Moshi, moja ya Dar es Salaam na Kigoma, na vita havikufuata reli. Farasi walioletwa walikufa kwa maelfu kwa sababu ya mbung'o, na ng'ombe wakafa vivyo hivyo. Magari yalizama matopeni. Basi alibaki mnyama mmoja ambaye mbung'o hakumwua upesi, naye ni mwanadamu. Mzigo ulikuwa ratli 50 hata 60, yaani kilo 20 na zaidi, juu ya kichwa, mwezi baada ya mwezi. Upande wa Waingereza peke yao walichukuliwa watu karibu milioni moja kuwa wapagazi. Wengine walikuja kwa hiari wakitaka mshahara. Wengi, hasa mwaka 1917, walikamatwa kwa amri wilaya kwa wilaya. Waliokufa, kwa hesabu itajwayo mara nyingi, ni karibu laki moja.

Tena hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, kwa malaria, kwa kichomi, kwa baridi ya usiku bila blanketi. Mtu aliyezoea ndizi au wimbi alipewa unga wa mahindi, na kwa kuwa jua limekwisha kuchwa na kuni ni mbichi, aliula haujaiva, tumbo likaharibika, akaachwa kando ya njia. Mvua za mwanzo wa 1917 zilipoifurisha Rufiji, majeshi yenyewe yalikaa na njaa. Mwenye kubeba chakula asichoruhusiwa kukila alikuwa katika hali gani, msomaji na afikiri mwenyewe. Na upande wa Wajerumani mambo hayakuwa mema zaidi: watu walichukuliwa kijiji kwa kijiji, wengine wakifungwa kamba wasitoroke, na hesabu yao haikuwekwa kabisa.

Sasa nakuja kwa mzee wangu asemaye, "Mpe tarehe, usimpe hadithi." Mzee wangu, nakuamkia kwa heshima, lakini nakuuliza: watu hao utawapata katika kitabu gani cha tarehe? Mwezi wa Aprili 2021 halmashauri iangaliayo makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa, ikakiri mbele ya watu wote kwamba wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita vile, na labda hata 350,000, hawakuandikwa majina yao penye kumbukumbu yo yote, au hawakukumbukwa kabisa. Na wengi wao ni watu wa Afrika Mashariki na Misri. Miaka zaidi ya 100 ilipita kabla neno hilo halijakubaliwa. Na kutoandikwa jina si jambo la heshima tu. Mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia wake zao wala watoto wao, kwa kuwa karani aliandika jina visivyo, au hakuandika kijiji, ikasemwa kwamba warithi hawakuonekana.

Kitabu cha tarehe hakiwezi kutaja jina ambalo halikuandikwa. Chaweza kusema "wapagazi 100,000", na mtoto atasoma "100,000" kama asomavyo hesabu ya magunia ya pamba. Ni hadithi peke yake iwezayo kumtoa mmoja kati ya hao, ikampa jina, na mama, na jembe aliloliacha shambani, na kidonda begani, ikamtembeza mbele ya macho ya mtoto hata mtoto aone uchungu. Jina ni la kubuni, naam. Lakini kidonda si cha kubuni.

Nawe ukisema kwamba kubuni ni uongo, mkumbuke nabii Nathani alipotumwa kwa mfalme Daudi. Hakumwambia tarehe ambayo Uria aliuawa. Alimwambia habari za maskini na kondoo wake mmoja aliyekula katika sahani yake na kulala kifuani pake. Hapakuwa na maskini yule, wala kondoo yule. Kama Nathani angaliyasema mambo yenyewe wazi, mfalme alikuwa na majibu: vita huua huyu na huyu. Lakini kwa hadithi ile hasira ya Daudi iliwaka kabla hajajua kwamba imewaka juu yake mwenyewe. Na yule mpanzi aliyetoka kupanda mbegu, ni nani kati yetu aliyewahi kuuliza shamba lake lilikuwa kijiji gani? Tumeyasikiliza hayo kanisani tangu utoto wetu, wala hatukumwita Bwana wetu mwongo. Yashangaza kwamba mtu atokaye kanisani Jumapili amekwisha kusikia mfano humpokonya mwanawe hadithi Jumatatu.

Lakini simpi mtungaji ruhusa ya kubuni kila kitu. Hapa naomba niwe mkali, maana wako waandikao kwa vijana kana kwamba kijana hastahili kweli, mradi ameburudishwa. Mtungaji wa hadithi ya wakati wa vita ana haki ya kubuni watu wadogo na maneno yao, na hayo ambayo hakuna aliyekuwapo kuyaandika: mazungumzo ya jikoni, ndoto ya usiku, ugomvi wa ndugu wawili juu ya kibuyu cha maji. Hana haki ya kugusa yale yajulikanayo. Asiweke reli mahali pasipokuwa na reli. Asimshibishe mtu katika mwezi ambao wote walikuwa na njaa. Asimfanye mpagazi acheke na kuimba njia nzima ili msomaji asihuzunike. Asimpe mvulana wa 1917 mawazo na maneno ya mvulana wa leo mwenye simu mkononi. Tena asimpe mvulana wake nguvu za kuokoa jeshi zima. Mvulana wa namna hiyo hakuwako, na mtoto asomaye hujifunza kwamba waliokufa walikufa kwa sababu hawakuwa hodari kama yeye. Huo ndio uongo wenyewe, tena ni uongo juu ya maiti.

Neno la pili, kwamba vita si jambo la watoto, nitalijibu kwa ufupi, maana limejibiwa na vita vyenyewe. Nyuma ya askari wa Lettow-Vorbeck walifuata wake zao na watoto wao, na wavulana waliowatumikia, kupita mito na misitu, na watoto wengine walizaliwa njiani. Huko Ugogo majeshi ya pande zote mbili yalichukua ng'ombe na nafaka, yakachukua na wanaume wa kulima. Mvua nazo zikakosekana. Ikaja njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya, iliyodumu tangu 1917 hata 1920, na katikati yake ikaingia homa kuu ya 1918. Watoto waliwekwa rehani kwa chakula. Sasa twaambiwa kwamba mtoto wa miaka 12, aketiye kwenye mkeka baada ya kula ugali, atadhurika akisoma habari za mtoto wa miaka 12 aliyekosa ugali huo. Sikubali. Mtungaji mwenye adabu ajua namna ya kusema jambo zito bila kumwaga damu katika kila ukurasa. Anayeona raha katika damu ni mwingine, na huyo hata watu wazima wasimsome.

Neno la tatu ndilo kubwa, nalo ni la majemadari. Watu hudhani kwamba hadithi za vita za namna hiyo ni mpya. La, zilikuwako mapema sana, nazo ziliandikwa kwa vijana. Ila si kwa vijana wetu. Lettow-Vorbeck mwenyewe, mwaka 1920, alitoa kitabu kiitwacho "Heia Safari!", akisimulia vita vile kwa vijana wa Ujerumani, na picha nzuri akachorewa na afisa wake von Ruckteschell. Jina lenyewe kalichukua katika mwito wa njiani. Mtoto wa Ujerumani alisoma humo habari za werevu wa jemadari na uaminifu wa askari wake, akafunga kitabu amefurahi. Huko Uingereza naye Percy F. Westerman, aliyetunga vitabu vingi vya wavulana, alitunga "Wilmshurst of the Frontier Force", na shujaa wake ni afisa kijana Mwingereza anayewinda Wajerumani katika pori letu.

Je, hawakujua? Walijua. Mwaka 1919, mwaka mmoja kabla ya kitabu kile cha vijana, daktari wa jeshi lile lile, Ludwig Deppe, aliandika waziwazi kwamba nyuma yao waliacha mashamba yaliyoharibiwa na maghala yaliyoporwa na njaa, na kwamba njia yao ilitambulikana kwa mauti na vijiji vitupu. Mtu mzima aliambiwa hayo. Kijana akapewa "Heia Safari!". Ndipo nasemapo kwamba anayedai hadithi za majemadari kwa ajili ya vijana hamlindi kijana, amlinda jemadari.

Tazama tena kitabu mashuhuri cha C. S. Forester, "The African Queen", cha mwaka 1935, ambacho baadaye kilifanywa filamu na watu wengi wameiona. Chaanza katika misheni, katika nchi hii iliyokuwa ya Wajerumani. Wanakijiji wote, pamoja na Wakristo wa misheni ile, wamechukuliwa na jeshi la Wajerumani, wanaume na wanawake, pamoja na kuku na mbuzi. Mmisionari afa kwa huzuni na homa. Kisha dada yake apanda mashua pamoja na fundi Mwingereza, na kuanzia hapo ni hadithi ya hao wawili na mto na upendo wao. Na wale Wakristo? Walikwenda wapi? Nani alikufa, nani alirudi? Mtungaji hakuuliza tena. Kijiji kizima kimefagiliwa ili jukwaa liwe wazi kwa watu wawili. Sikatai kwamba kitabu kimeandikwa vizuri. Ndiyo maana chaudhi.

Na katika siku za karibu zaidi yuko Mwingereza mwingine, Michael Morpurgo, ambaye mwaka 1982 aliwaandikia watoto "War Horse", hadithi ya vita vile vile kama vilivyokuwa Ufaransa, na anayesimulia ni farasi. Farasi huyo avuta gari la majeruhi, avuta mizinga, aona njaa na matope. Watoto wengi sana wamemlilia. Mchezo umefanywa, na filamu pia. Nami simwonei farasi kijicho. Lakini wasomaji wangu, yapimeni haya. Katika nchi yetu farasi walikufa, na kazi yao akapewa mtu. Manowari Königsberg ilipoangamizwa katika Rufiji mwezi wa Julai 1915, mizinga yake 10 ilitolewa majini ikaburutwa barani kwa mikono na mabega ya watu. Farasi wa Ufaransa amepata kitabu chake. Mtu aliyefanya kazi ya farasi hapa kwetu, mtoto wake wa nne na wa tano asoma kitabu cha farasi.

Wala watungaji hatukosi. Ebrahim Hussein alitupa mchezo wa "Kinjeketile" mwaka 1969, juu ya vita vya Maji Maji, nao umesomwa mashuleni miaka mingi. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, aliyepewa Nishani ya Nobel mwaka 2021, ana riwaya ambayo sasa twaisoma kwa Kiswahili kwa jina la "Peponi": ndani yake yumo mvulana, Yusuf, aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake. Lakini hadithi hiyo yakoma pale hasa vita vinapofika mlangoni na askari wanapokusanya watu. Habari za baadaye mwandishi huyo huyo amezitia katika kitabu kingine, nacho ni cha watu wazima. Mtoto wa darasa la sita amesimama pale pale mlangoni, akingoja.

Nasi watu wa madarasa ya misheni tuna deni letu wenyewe. Walioweza kushika kalamu walikuwako. Walimu Waafrika wa misheni ya Waingereza walikamatwa na Wajerumani wakidhaniwa kuwa wapelelezi, wakapelekwa Tabora, wakateswa kwa kazi ngumu hata Wabelgiji walipofika. Martin Kayamba, aliyekuwa mmoja wa wafungwa wa siku zile, alisimulia maisha yake katika kitabu kilichotoka 1936, nacho ni cha Kiingereza. Mwaka 1917, huko Ugikuyu, misheni zilikusanya watu wao karibu 2,000 wakawa kikosi cha wapagazi, wakiongozwa na wamisionari wao, na mkubwa wao alikuwa Daktari Arthur. Askofu Frank Weston wa Unguja naye aliongoza kikosi cha wapagazi, akitembea nao kwa miguu. Mara nyingi mambo haya husimuliwa ili tuwasifu viongozi hao, na kweli watu waliokwenda na wachungaji wao walitunzwa vizuri kuliko wengine. Walakini mtungaji wa haki hataishia hapo. Atamwuliza kijana aliyetoka darasa la ubatizo, akiwa na mzigo kichwani, alifikiri nini juu ya waliomfundisha "Usiue", sasa wamwambia achukue risasi. Pengine alifikiri ni wajibu; pengine alitaka tu kukwepa kukamatwa na kupelekwa na watu wasiomjua; pengine alinung'unika. Hadithi nzuri yaweza kubeba yote matatu katika moyo mmoja. Hotuba haiwezi.

Mtu ataniambia, vitabu ni ghali, na mchapaji hatakubali. Gazeti la mwezi laweza kuchapa sura moja kila mwezi, kurasa mbili tu. Si lazima mtungaji awe mkubwa. Mwalimu wa kijijini aijuaye njia ya kale iliyopita kwao, ajuaye mlima ule hupandwa kwa saa ngapi na mto ule hujaa mwezi gani, ana mali ambayo Forester hakuwa nayo. Wale waliobeba wamekufa wote, na wana wao karibu wote. Lakini wajukuu wapo ambao waliambiwa jambo jikoni, na maneno hayo hayajaandikwa.

Katika Nairobi iko sanamu ya watu watatu wa vita vile, na mmoja wao ni mpagazi. Sanamu ya Dar es Salaam, iliyosimamishwa 1927, ni ya askari mmoja peke yake, ameelekeza singe bandarini. Nyuma yake, mwendo usio mrefu kwa miguu, ni Kariakoo, ambayo jina lake latokana na "Carrier Corps", jeshi la wapagazi la Waingereza, kama vile Kariokor ya Nairobi. Watu waenda huko kila siku kununua viazi na vitambaa. Mwalimu atakayewapeleka watoto wake mjini kuitazama sanamu, na awapitishe kwanza sokoni, awaambie jina lile lilitoka wapi; na wakirudi shule awape kila mmoja karatasi, waandike habari za mtu mmoja aliyelala pale usiku mmoja wa mwaka 1917, alitoka kijiji gani, alikuwa amebeba nini, na nani alikuwa akimngoja nyumbani.